Fundi anataka kukata katalisti ya pikipiki yangu: nimruhusu?

"Habari fundi. Nina pikipiki ya sisi 160 ya injekta, niliinunua mkononi miaka miwili iliyopita na sasa iko kilomita 41,000. Kila siku natoka Umoja kwenda kazini Westlands, na wikendi napanda Limuru kwa wazazi. Tangu Februari imekuwa nzito. Ilikuwa ikifika 110 bila taabu, sasa kwenye 75 inakwama na mshale wa raundi haupiti 6,000. Ikipata moto ndiyo inazidi. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa samawati kidogo, halafu unaisha. Fundi wa mtaani anasema katalitiki konvata imeziba, tuikate, pikipiki itakuwa na nguvu kuliko ilivyotoka dukani na itakula mafuta kidogo. Kazi atafanya bure, nimwachie tu hicho kipande. Jamaa mwingine ananionya kwamba nikikata nitaua sensa. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usimruhusu bado akate katalisti, hicho kipande cha ekzosi kinachosafisha moshi. Huenda fundi wako amelenga palepale kuhusu ugonjwa, lakini dawa anayokupa itakuacha na pikipiki ileile mbovu, sasa ikipiga kelele. Na hiyo kazi ya bure tutairudia, maana Nairobi hii sijaona anayeshika grainda bure.

Nianze na ule moshi wa asubuhi. Wewe umeutaja kwa kupitia tu, mimi ndio ulionikalisha chini kukujibu. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Ukitoka pale unapowasha tu kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa: usiku kucha oili inateremka tone kwa tone kwenye shina la valvu, na asubuhi inaungua kwa mkupuo mmoja. Ukitoka kila unapovuta mafuta kwa nguvu, hasa mlimani, basi ni ringi za pistoni zimelika. Kwa maelezo yako, yako ni sili. Umewahi kupima unaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi moja na nyingine? Hujasema, na wengi hawapimi. Anza kupima leo.

Sasa, oili hiyo haitoki nje na kupotea. Ndani yake mna fosforasi, zinki na kalsiamu, ambazo watengenezaji huzitia makusudi ili vyuma visisagane na uchafu usigande. Petroli ikiungua vizuri hugeuka gesi na mvuke. Vitu hivi vikiungua vinaacha majivu, na majivu hayo yakiingia kwenye ekzosi yanakutana na katalisti, ambayo ndiyo hiyo konvata ya fundi wako.

Katalisti ni kipande kama sega la nyuki, cha kauri au cha bati jembamba lililokunjwakunjwa. Kwenye pikipiki ndogo huwa kimechomelewa ndani ya bomba, mara nyingi chini ya injini au mwanzoni mwa sailensa. Kuta za vijitundu vyake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana. Zikishapata joto la nyuzi 250 au 300 hivi, gesi zinazopita zinageuka: kaboni monoksaidi inakuwa kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa hapo, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kabla ya joto hilo, sega halifanyi lolote, na ndiyo maana pikipiki hutoa harufu kali dakika za kwanza asubuhi. Majivu ya oili yakifunika kuta, madini yanaacha kufanya kazi. Yakizidi, vijitundu vyenyewe vinaziba na injini inakosa pa kutolea pumzi.

Kwa hiyo ukikata leo na kuziacha sili zilivyo, utakuwa umemzika marehemu bila kuuliza kilichomuua. Oili itaendelea kuungua, plagi itaendelea kuvaa masizi, na siku utakapopata katalisti nyingine nayo itafuata njia ileile.

Kuna muuaji mwingine, mwenye haraka zaidi, naye ni kumisi. Plagi mbovu, au koili inayoipa plagi umeme ikichoka inapopata moto, inaacha petroli ipite bila kuwaka. Petroli hiyo inakwenda kuwakia ndani ya katalisti yenyewe, joto linapanda kupita kiasi na sega linayeyuka na kugandamana. Kwa kuwa unasema pikipiki inazidi kuwa mbaya ikipata moto, mwambie fundi apime koili ikiwa ya moto, si asubuhi ikiwa baridi. Ni kazi ya dakika chache na wengi wanairuka.

Je, imeziba kweli? Kwanza ondoa washukiwa wa bei rahisi. Raundi zingekuwa zinapanda na mwendo hauongezeki, ningesema klachi inateleza, jambo linalowapata wanaotia oili ya gari badala ya ile iliyoandikwa JASO MA au MA2 kwenye mkebe. Yako raundi zenyewe hazipandi, kwa hiyo klachi tuiache. Fungua kichungi cha hewa. Vumbi la Outer Ring Road ukilichanganya na ukungu wa oili kutoka kwenye injini linatengeneza kitu kama uji, nami nimewahi kutoa kichungi ambacho hata maji yasingepita. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono uone kama breki inashika.

Yote hayo yakiwa sawa, tuje kwenye ekzosi. Mafundi wengi hulegeza nati mbili zinazoshika bomba kwenye kichwa cha silinda, wanawasha, wanavuta mafuta na kusikiliza. Kipimo hicho kinadanganya. Pikipiki ikiwa imesimama bila mzigo, hata ekzosi iliyoziba nusu inaruhusu raundi kupanda, kwa hiyo fundi anaona hakuna tofauti na kusema bomba ni zima. Au anasikia mlio mkubwa na kudhani ni nguvu. Isitoshe, stadi za pale kichwani zikiwa na kutu zinakatika ukizilazimisha, na kuzitoa ni mateso. Kama ni lazima mzifungue, zilowesheni oili ya kupenya usiku kucha.

Kipimo ninachokiamini ni cha geji. Kwenye bomba kama lako, kati ya injini na katalisti, mara nyingi kuna sensa ya oksijeni. Ifungueni bomba likiwa na uvuguvugu, mfunge geji ya presha kwenye tundu hilo kwa kutumia kipande cha bomba la shaba ili joto lisiiue geji. Tahadhari moja: sensa za pikipiki ndogo mara nyingi zina nyuzi nyembamba kuliko za magari, kwa hiyo adapta ya fundi wa magari huenda isiingie. Injini ikinguruma taratibu, presha inatakiwa kuwa karibu na sifuri, isizidi PSI (kipimo cha presha) moja na nusu. Ivuteni hadi raundi 2,500 au 3,000 na muishikilie: ikipita PSI 3, kuna kizuizi mbele. Mshale utatetemeka kwa sababu ni silinda moja inayotoa moshi kwa mapigo; someni katikati ya mtetemeko. Taa ya injini ikiwaka kwa kuwa sensa imetolewa, msishtuke, mtaifuta mkimaliza.

Pia gonga bomba kwa nyundo ya mpira likiwa baridi. Ukisikia mchakacho kama wa kokoto kwenye mkebe, sega limevunjika na vipande vinazunguka ndani. Hilo halihitaji geji.

Jambo moja la kando, kwa sababu nimeliona mara nyingi: uvimbe wowote kwenye bomba si katalisti. Baadhi ya pikipiki za Bajaj zina chemba ndogo karibu na injini ambayo kazi yake ni kurudisha mawimbi ya moshi kwa wakati mzuri ili injini ivute vizuri raundi za chini. Watu wameikata wakidhani wanatoa katalisti, kisha wakashangaa pikipiki imekuwa goigoi ikibeba abiria. Na pikipiki nyingi za kabureta zilizoletwa kwa kazi ya boda hazina katalisti kabisa. Kwa hiyo hata kabla ya kubishana kama ikatwe, fundi akuonyeshe iko wapi.

Sasa ahadi zake. Nguvu kuliko ilivyotoka dukani? Hapana. Ekzosi iliyoziba ukiifungua, pikipiki itarudi karibu na ilivyokuwa, na kwa kuwa ulikuwa umezoea 75 utaona kama umepewa mabawa. Lakini katalisti nzima kwenye injini ndogo kama hii inakula nguvu kidogo mno. Ukiitoa, tofauti utaitafuta kwa mashine, kwa makalio huwezi kuihisi. Waliotengeneza bomba hilo walipanga urefu na upana wake pamoja na katalisti ikiwa ndani. Moshi wa silinda moja hutoka kwa mapigo, na kila pigo likikutana na mahali bomba linapobadilika upana hurudisha wimbi nyuma kwenye valvu. Wimbi likirudi kwa wakati wake linasaidia injini kuvuta hewa mpya. Ukitoa sega na kuchomelea bomba tupu, wimbi linarudi wakati mwingine, na mara nyingi unachopoteza ni mvuto wa raundi za chini, ule unaouhitaji ukipanda Limuru na mzigo wa viazi nyuma.

Na Limuru hiyo ina kisa chake. Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Limuru imepita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pikipiki ileile iliyokuwa ikiruka Mombasa hapa imeacha karibu sudusi ya nguvu zake njiani. Injekta hupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sawa, lakini hewa ambayo haipo haiwezi kuiumba. Nimeshaletewa pikipiki na mtu aliyehamia kutoka Pwani akiamini ekzosi imeziba. Haikuwa imeziba.

Mafuta kidogo? Hapa tunaingia kwa yule jamaa wa sensa, naye ana nusu ya ukweli. Sensa yako ikiwa kabla ya katalisti, kama zilivyo nyingi za aina hii, haijui kama mbele yake kuna sega au hakuna. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kompyuta ya injini inarekebisha petroli ili hewa na petroli zikae karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito, kipimo ambacho katalisti ya aina hii inakihitaji ili ifanye kazi zake tatu. Kutoa katalisti hakubadilishi kipimo hicho. Mafuta hayatapungua.

Yanaweza kuongezeka, na mlango wenyewe ni uchomeleaji. Mwaka jana aliletwa kwangu kijana wa boda, bomba lake limekatwa na kuchomelewa upya mahali fulani mjini. Analalamika pikipiki inakunywa mafuta kama lori na inapiga baruti kila anapoachia. Tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio na kupuliza hewa kutoka nyuma. Povu likatoka kwenye ufa mwembamba kama unywele, sentimita chache kutoka kwenye sensa. Ukiwa na moshi wa mapigo, kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ndani. Hewa hiyo ilikuwa ikiingia kwenye ufa, sensa inasoma oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli haitoshi na kuongeza. Petroli ya ziada inafika bombani, inakutana na hewa ya ufa, inalipuka. Kosa moja, dalili mbili. Hali kama hiyo hutokea pia mtu akifupisha sailensa kiasi kwamba hewa ya nje inarudi hadi kwenye sensa injini ikiwa taratibu. Na kama fundi atapaka silikoni ya gasketi kuziba maungio, mkatalie: mvuke wa silikoni unaua sensa, na sensa si ya bei ya plagi.

Utasikia pia hoja kwamba katalisti hazifai Afrika kwa sababu petroli yetu ni chafu. Hoja hiyo ilikuwa na miguu zamani. Petroli yenye risasi ilifunika madini ya katalisti na kuyaua kabisa, lakini Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, pamoja na nchi nyingi za kusini mwa Sahara. Hapahapa Nairobi, mtaa wa Gigiri, Agosti 2021, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba duniani kote hakuna tena kituo kinachouzia magari petroli ya risasi. Algeria ilikuwa ya mwisho. Tatizo lililobaki kwetu ni wachakachuaji. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa kwenye mafuta taa mwaka 2018 ulilengwa kuwakata tamaa wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Jaza mahali unapopajua, na ukiona plagi imejaa masizi ghafla baada ya kujaza kituo kipya, usirudi hapo.

Basi ufanye nini? Ningekuwa wewe, pesa za kwanza ningezitia kwenye sili za valvu, na fundi akiwa ameshafungua akague valvu na apime kompresheni. Koili na plagi zipimwe siku hiyohiyo. Halafu tena geji ya ekzosi. Kama presha imepanda kidogo tu, usikate chochote. Masizi ya petroli huungua yenyewe ukiendesha kwa mwendo wa kutosha kwa muda, kwa mfano safari ya Thika Superhighway hadi Juja na kurudi badala ya kusota kwenye foleni. Majivu ya oili hayaungui, kwa hiyo usitarajie mwujiza, lakini mara nyingi masizi na majivu huchanganyika, na kuondoka kwa masizi kunakupa nafasi. Wapo wanaoloweka bomba kwenye sabuni ya unga au tindikali. Sabuni haifiki mbali, na tindikali inabandua upako wenyewe, kwa hiyo unabaki na sega safi lisilo na kazi.

Kama presha ni kubwa au sega limevunjika, hapo kweli lazima kitu kitoke. Tafuta bomba zima la aina yako kwanza, jipya au la pikipiki iliyopata ajali. Zunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na Grogan kwa subira, na kabla ya kulipa gonga kwa mkono na uchungulie kwa tochi. Likikosekana, agiza sega la kuchomelea la ukubwa wa injini yako, na lichomelewe na mtu wa gesi ya argoni, si yule wa kuchomelea mageti. Kipenyo kibaki kilekile, urefu ubaki uleule, na maungio yapimwe kwa maji ya sabuni kabla hujaondoka. Ni ghali kuliko bomba tupu, sikufichi.

Ukiamua kuendesha bila hiyo katalisti hata hivyo, jua unachofanya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinataka chombo kiwe na sailensa na kisitoe moshi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele za 2009. Sitakuambia kwamba askari wa trafiki pale Globe atainama kutafuta katalisti. Atasikia mlio. Lakini mimi linalonisumbua zaidi ni kaboni monoksaidi, kwa sababu haina harufu na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Asubuhi kwenye foleni ya Jogoo Road anayeivuta si wewe uliye mbele, ni wa boda aliye nyuma yako na mtoto wa shule aliyembeba. Na jioni ukiwasha pikipiki kwenye korido ya ploti kuipasha moto, ni jirani aliyefungua dirisha.

Tumalize na ile kazi ya bure. Platinamu, paladiamu na rodiamu ni madini ya thamani; Machi 2021 rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi. Katalisti ya pikipiki ndogo ina madini haya chini ya gramu moja, kwa hiyo wewe hutatajirika, lakini mtu anayekusanya vipande ishirini kwa mwezi na kuviuza kwa uzito ana sababu nzuri ya kuona katalisti zote za Umoja zimeziba. Simhukumu fundi wako, huenda hata hajui bei. Muulize tu atakutoza ngapi kama kipande utaondoka nacho wewe. Na iwapo mwishoni bomba lako la zamani litatoka, libebe nyumbani hata kama limeoza. La ajali ulilonunua likigoma wiki ijayo, utahitaji vibano vyake na tundu la sensa.